Baada ya Uamuzi wa Wawili: Vasektomi na Wanandoa wa Kanda ya Kati

Mhadhara wa umma uliotolewa jijini Dodoma



Nimekuja na hoja moja. Tumezoea kusema kwamba wanaume wa Tanzania hawafungi uzazi kwa sababu hawataki. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini imetufanya tubweteke. Wapo wanaume waliokwisha kukubali, tena wamekubaliana na wake zao baada ya kupata watoto waliowatosha, na bado hawafiki kwenye kitanda cha upasuaji. Kikwazo chao kipo katika namna tulivyoipanga huduma na katika masharti tunayoyaongeza wenyewe. Kwa kuwa tumekiweka sisi, sisi ndio wa kukiondoa.

Mzigo ulivyogawanywa

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8, na kwamba asilimia 31 ya wanawake walio katika ndoa wanatumia njia ya kisasa ya uzazi wa mpango. Zinazoongoza ni vijiti, sindano na vidonge, njia ambazo zote hubebwa na mwili wa mwanamke. Vasektomi, yaani kufunga uzazi kwa mwanaume, haifiki hata asilimia moja.

Si kwamba taifa halikuambiwa. Chama cha UMATI kilianza kazi ya uzazi wa mpango mwaka 1959. Sera ya Taifa ya Idadi ya Watu ilitoka mwaka 1992 ikapitiwa upya mwaka 2006. Mwaka 1994 nchi yetu ilikuwa Cairo, kwenye mkutano wa kimataifa uliotamka wazi kwamba uzazi ni wajibu wa mwanaume pia. Wajibu huo tumeuandika vizuri kwenye sera. Zahanati hatukuipanga ili mwanaume aweze kuutimiza.

Kinachofanyika hasa

Naomba nilieleze tendo lenyewe bila kuficha, maana uvumi hukua pale wataalamu wanapoona haya kusema.

Mwaka 1974 daktari wa China, Li Shunqiang, alibuni namna ya kufunga uzazi wa mwanaume bila kutumia kisu, na njia hiyo sasa inatumika duniani kote. Mhudumu hudunga ganzi kwenye ngozi ya mfuko wa korodani. Ngozi ikishakufa ganzi, hutoboa tundu dogo, huushika mrija wa manii kwa koleo jembamba lenye pete, huukata na kuziba ncha zake, kisha hufanya hivyohivyo upande wa pili. Kwa kawaida hakuna mshono. Kazi yote huchukua dakika 15 hadi 20, na mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Hupumzika siku mbili hivi, na huacha jembe na magunia kwa siku chache.

Korodani hubaki mahali pake na huendelea na kazi. Mbegu zinazotengenezwa hunyonywa na mwili. Homoni ya kiume haipiti kwenye mirija ile. Hupita kwenye damu. Kwa hiyo ndevu, sauti, nguvu na hamu ya tendo la ndoa hubaki vilevile. Hata majimaji yanayotoka hayapungui kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu sehemu kubwa hutoka kwenye tezi nyingine.

Katika nchi ya wafugaji kama hii, hofu ya kwanza ni kuhasiwa. Mfugaji wa Bahi au Mpwapwa anajua burdizo, koleo la kuhasia, linavyofanya kazi: mishipa ya damu inayolisha korodani hupondwa, korodani husinyaa, na fahali anageuka maksai. Basi nimjibu kwa lugha ya zizi lake. Madaktari wa mifugo hukata mirija ya manii ya fahali wanapotaka kutambua majike walio kwenye joto kwa ajili ya uhimilishaji. Fahali huyo hunusa, hufuata jike na hupanda kama mafahali wengine, ila hatungishi mimba. Wanamtumia kwa sababu ufahali wake haujaguswa. Vasektomi ni hiyo, na kuhasi ni jambo jingine kabisa.

Ukilinganisha na kufunga uzazi kwa mwanamke, ambako kwa kawaida tumbo hufunguliwa, hii ni salama zaidi, nyepesi zaidi na ya gharama ndogo zaidi. Nchini Canada, Uingereza na Korea Kusini, na hata Bhutan ambayo si nchi tajiri, wanaume waliofunga ni wengi kuliko wanawake waliofunga.

Safari ya mume na mke

Wachukulieni mume na mke wa kijiji kimoja cha Chamwino. Ni wa mfano, sikuwachukua kwa mtu yeyote. Wana watoto watano. Mke amejifungua mara mbili kwa upasuaji, na mimba ya mwisho ilimpandisha shinikizo la damu. Ameshauriwa asibebe nyingine. Sindano zinamvuruga hedhi. Wamezungumza usiku baada ya usiku, na mume amesema: safari hii nitafunga mimi.

Asubuhi wanakwenda zahanati. Huduma za uzazi wa mpango zipo chini ya kliniki ya mama na mtoto. Benchi zima ni akina mama wenye vichanga mgongoni. Muuguzi anamuuliza mume, "Baba, umemsindikiza mama?" Anajibu kwa sauti ya chini kwamba amekuja kwa ajili yake mwenyewe. Muuguzi anamwonea huruma, lakini hana la kumpa zaidi ya kumwambia aende wilayani.

Wilayani wanaambiwa aliyefunzwa amehamishwa. Wasubiri timu ya huduma za mkoba; tarehe haijulikani. Nauli ya bodaboda imekwenda, na ni wakati wa palizi ya mtama. Wanarudi mara ya pili, na sasa yanakuja maswali. Una miaka mingapi? Mkeo akifa utafanyaje? Na ukioa mwingine akataka mtoto? Nyumbani nako habari imewatangulia. Mama mzazi wa mume anauliza nani kamshauri mwanawe ajimalize, na baba mdogo anasema ndugu yetu amekaliwa na mke.

Huo ukoo tutaongea nao kwa hekima na kwa muda mrefu. Lakini tazameni yaliyotangulia. Kabla ukoo haujasema neno, huduma ilikuwa imekwisha kuwarudisha mara mbili. Tena kurudishwa kwao hakukuandikwa popote. Rejista ya kituo huandika aliyehudumiwa, haimwandiki aliyeondoka mikono mitupu. Mwisho wa mwaka tunasoma rejista, tunaona sifuri, na tunahitimisha kwamba wanaume hawataki. Mke, muda wote huo, yuko bila kinga.

Maswali ya mhudumu si mabaya yenyewe. Vasektomi ni ya kudumu. Kuunganisha tena mirija ni kazi ghali na haina uhakika. Ni lazima mtu aulizwe, apewe muda, aambiwe kuhusu njia nyingine za muda mrefu kama vijiti na kitanzi, na aweke sahihi akiwa anaelewa. Lakini ushauri ukishatolewa, jibu ni la mhusika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoa huduma za uzazi wa mpango unaelekeza kwamba mwanaume aliyeshauriwa na kuridhia asinyimwe kwa sababu ya umri mdogo, idadi ndogo ya watoto, kutokuwa na ndoa au kukosa ruhusa ya mke. Kama mtu asiye na mtoto hazuiliwi na mwongozo, baba wa watano aliyekuja na mkewe anazuiliwa na nani?

Miezi mitatu ya hatari

Lipo jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo limevunja imani katika ndoa. Vasektomi haifanyi kazi siku ileile. Mbegu zilizobaki mbele ya mahali palipokatwa huchukua muda kuisha, na kwa hiyo wanandoa wanatakiwa kutumia kondomu au njia nyingine kwa miezi mitatu. Asiyeambiwa hivyo, mkewe akapata mimba mwezi wa pili, atadhani mke ametoka nje. Mwanamke anaweza kupigwa au kurudishwa kwao kwa kosa la mhudumu aliyeruka sentensi moja.

Dawa yake ni kipimo. Baada ya miezi mitatu, tone la manii likitazamwa kwa darubini huonyesha kama mbegu zimekwisha. Darubini hiyo ndiyo ileile inayosoma vijidudu vya malaria na kifua kikuu, na ipo katika vituo vingi vya afya vya kanda hii. Kinachohitajika ni mtaalamu wa maabara kuelekezwa, tarehe ya kurudi kuandikwa kwenye kadi, na mke kuwepo majibu yanaposomwa.

Pale ilipowezekana

Ushahidi wa karibu tunao. Watafiti walikwenda Kigoma, mkoa ambako vasektomi ilikuwa imepata wateja kuliko ilivyozoeleka nchini, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2007. Waliona kwamba ugumu wa maisha na gharama za kulea vilisukuma watu kufikiria kufunga. Kwamba kauli ya mke ina uzito mkubwa. Na kwamba sifa ya mtoa huduma na kupatikana kwake ni miongoni mwa mambo yaliyoamua. Walikiri pia kwamba dini, hofu ya kesho na uelewa mdogo viliwarudisha watu nyuma. Mkulima wa Kigoma hana tofauti kubwa na mkulima wa Kongwa. Akimwamini aliyeshika koleo, na akijua atampata wapi, huenda.

Jirani zetu Rwanda kuanzia mwaka 2010 walifundisha madaktari na wauguzi wa hospitali za wilaya, ili huduma isitegemee bingwa mmoja wa mjini. Nairobi mwaka 2016 iliandaa Siku ya Vasektomi Duniani, na wanaume wakafanyiwa upasuaji hadharani ili wenzao waone kwamba hakuna kinachotisha. Jiji la Dodoma lina Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambako figo zinapandikizwa tangu mwaka 2018. Jiji lenye uwezo huo haliwezi kushindwa na upasuaji wa dakika 20.

Hofu, imani na kauli za wakubwa

Mtu anayeogopa kufunga kwa kuwaza kwamba watoto wanaweza kufa hana ujinga wowote. Anakumbuka kijiji alichokulia. Mwaka 2004–05 watoto 112 kati ya kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Habari hiyo njema ifikishwe kwa wazazi pamoja na ushauri wa uzazi, maana inabadilisha hesabu yao.

Kanisa Katoliki, kwa mafundisho yaliyotolewa upya mwaka 1968, haliruhusu kufunga uzazi. Masheikh wengi hutenganisha kupanga nafasi ya uzazi na kuufunga kabisa. Nawaheshimu. Mwenye kufuata mafundisho hayo ashauriwe njia inayolingana na imani yake. Lakini hospitali ya umma inamhudumia kila raia, na imani ya mhudumu haiwezi kuwa sharti kwa mgonjwa.

Kauli za viongozi nazo zina nguvu. Septemba 2018 Rais John Magufuli, akiwa Meatu, aliwataka wananchi waachane na uzazi wa mpango, na mwezi huohuo matangazo ya uzazi wa mpango yakasitishwa. Tangu hapo msimamo umebadilika, ila mhudumu wa kijijini anakumbuka, na mwenye kukumbuka huchagua kunyamaza. Ni kazi ya viongozi wa leo kumwondolea woga huo kwa maandishi.

Wala nisieleweke kwamba natafuta idadi. India mwaka 1976 iliwafunga uzazi wanaume zaidi ya milioni 6, wengi kwa kushurutishwa, na jeraha hilo halijapona. Hiari ndiyo msingi. Hiari huvunjwa na anayemlazimisha mtu, na huvunjwa vilevile na anayemzuia mtu aliyekwisha kuamua.

Ninayoyaomba

Kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya za Kanda ya Kati: kila hospitali ya wilaya iwe na watoa huduma wawili waliofunzwa vasektomi, ili mmoja akihamishwa asiondoke na huduma. Wekeni siku moja maalumu kila mwezi, ibandikwe kwenye ubao wa kila zahanati na ofisi ya kijiji. Ongezeni safu moja kwenye rejista, ya aliyeomba akakosa.

Kwa wauguzi na matabibu: mshaurini mtu kwa ukamilifu, kisha mheshimuni. Msiache kamwe kumwambia habari ya miezi mitatu.

Kwa vyuo vyetu vya afya: mwanafunzi asihitimu bila kuuona upasuaji huu ukifanyika.

Kwa wazee wa koo na wake kwa waume mliomo humu: mwanaume anayefunga uzazi baada ya kulea watoto wake amemkinga mkewe na hatari ambayo angeibeba peke yake. Msimcheke, wala msimlaumu mke. Na wewe baba uliyekwisha kuamua na mkeo, usikubali jibu la "njoo siku nyingine" lisilo na tarehe. Omba tarehe iandikwe, na siku hiyo nendeni wote wawili.