Bibi Ela Bhatt na Mahali pa Kazi Pasipo na Mwajiri



Nimetakiwa niseme juu ya usawa wa wanawake na wanaume kazini, na kwa kuwa katika Bara Hindi jambo hili limeandikwa na kupiganiwa na wanawake wengi hodari, nimemchagua mmoja miongoni mwao, marehemu Bibi Ela Bhatt wa Ahmedabad, mwanasheria na mwandishi, kwa sababu naamini kwamba yeye alitambua mapema kuliko wengi wetu mahali ambapo mazungumzo ya usawa hupotea njia tangu hatua ya kwanza.

Aghalabu tunapozungumza juu ya usawa kazini, fikra zetu hukimbilia ofisini na kiwandani: mwanamke apewe mshahara sawa na mwanamume afanyaye kazi ile ile, asinyimwe cheo kwa sababu ya jinsia yake, apate likizo ya uzazi, wala asiguswe wala kutukanwa na mkubwa wake. Haki hizi ni za kweli na mimi sizidharau hata kidogo. Lakini zote zinamkuta mwanamke ambaye tayari ana mwajiri, ana barua ya ajira, na ana mlango anaouingia asubuhi na kuutoka jioni, ilhali huko India wanawake walio wengi wafanyao kazi hawana mambo hayo matatu. Hao ndio Bibi Bhatt aliowapa umri wake.

Alizaliwa Ahmedabad tarehe 7 Septemba 1933, akalelewa Surat, miji miwili ya Gujarat, jimbo ambalo wenyeji wa pwani yetu wanalijua kwa nguo zake na kwa wafanyabiashara wake waliohamia Unguja na Mombasa. Baba yake alikuwa wakili, na mama yake alishughulika na harakati za wanawake. Alipokuwa mwanafunzi, kijana mwenzake aliyeitwa Ramesh Bhatt, ambaye baadaye alimwoa, alimchukua kwenda naye katika mitaa ya mafukara kukusanya habari kwa ajili ya hesabu ya watu ya mwaka 1951, na nadhani si bure kwamba maisha ya mwanamke huyu yalianza kwa kuhesabu watu, kwa maana shauri alilolipigania hadi uzeeni lilikuwa ni hilo hilo: nani anahesabiwa kuwa mfanyakazi, na nani anaachwa nje ya daftari.

Baada ya kuhitimu sheria mwaka 1954 aliingia, mwaka uliofuata, katika idara ya sheria ya chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Ahmedabad, chama kilichotokana na mgomo mashuhuri wa mwaka 1918, ambao Gandhi aliuongoza pamoja na Bibi Anasuya Sarabhai, binti wa ukoo wa matajiri wenye viwanda. Chama hicho kilikuwa na sifa kubwa, lakini idara yake ya wanawake, ambayo Bibi Bhatt alikabidhiwa kuiongoza mwaka 1968, ilikuwa imeundwa kuwafundisha ushoni na kazi kama hizo wake za wanachama. Yaani mwanamke alifika mlangoni pa chama kama mke wa mfanyakazi, si kama mfanyakazi. Viwanda vilipoanza kufungwa na wanaume wakabaki vibarazani, Bibi Bhatt alizitembelea nyumba zao, akaona ni nani aliyekuwa akizilisha: mwanamke auzaye mboga, avutaye mkokoteni, ashonaye vipande vya nguo kwa ujira wa kila kipande, asokotaye sigara za bidi sakafuni hali amempakata mtoto.

Mwaka 1971 walimjia wanawake wachukuzi wa soko la nguo, waliokuwa wakibeba mizigo kichwani baina ya maduka ya jumla na maduka ya rejareja, na malipo yao yakategemea hisani ya mwenye duka, bila daftari na bila mashahidi. Bibi Bhatt akaandika habari zao katika gazeti. Wenye maduka wakakasirika, wakajibu katika gazeti kwamba huo ni uzushi, na kwamba wao huwalipa wachukuzi hao ujira wa haki. Jambo lililofuata mimi nalihesabu kuwa ni katika matendo ya busara kabisa katika historia ya vyama vya wafanyakazi: badala ya kubishana, idara ya wanawake iliyachukua maneno yale ya matajiri, ikayachapisha katika vikaratasi na kuwagawia wachukuzi, ili kila mwanamke anapopunjwa amwoneshe tajiri ahadi aliyoitoa yeye mwenyewe mbele ya mji mzima. Habari zikaenea, wauza nguo kuukuu nao wakaja na malalamiko yao, na katika mkutano wa hadhara wa mwezi wa Desemba mwaka huo huo mwanamke mmoja katikati ya kundi alisimama, akasema kwamba yawapasa wawe na chama chao wenyewe.

Ndipo kilipozaliwa SEWA, yaani Chama cha Wanawake Wanaojiajiri Wenyewe, na ndipo ulipotokea ule ubishi ambao kwangu mimi ndio kiini cha mada hii. Idara ya kazi ilikataa kukiandikisha. Hoja ya maofisa ilikuwa fupi, na kwa mtu aliyesoma sheria kama zilivyozoeleka ilikuwa na sura ya insafu: chama cha wafanyakazi ni cha kumdai mwajiri, na hawa wanawake hawana mwajiri ajulikanaye, basi watapambana na nani? Bibi Bhatt, ambaye sheria aliijua kama wao, alijibu kwamba chama cha wafanyakazi hakiundwi kwa ajili ya kumpinga mtu, bali kwa ajili ya umoja wa wafanyakazi wenyewe, na kwamba kukosekana kwa mwajiri hakumfanyi mtu kuwa hafanyi kazi. Ubishi ulichukua miezi, lakini mwezi wa Aprili 1972 chama kikaandikishwa. Nawasihi wanasemina wauzingatie ushindi huo kuliko nishani zote alizopata baadaye, kwa sababu siku ile serikali ilikiri kwa maandishi kwamba mwanamke aketiye kando ya njia na kapu lake la bilingani yuko kazini.

Kukiri huko kulileta maswali mapya. Mwanamke wa sokoni alikuwa akikopa fedha alfajiri ili anunue bidhaa, na jioni akairejesha pamoja na riba iliyomla faida yake yote. Mvuta mkokoteni alikodi mkokoteni ule ule miaka nenda miaka rudi kwa gharama ambayo ingetosha kuununua. Benki hazikutaka kuwaona. Basi mwaka 1974 wanawake 4,000 walitoa rupia kumi kila mmoja, wakaanzisha benki yao ya ushirika. Msajili wa vyama vya ushirika alitia shaka: watu wasiojua kusoma wataendeshaje benki, nao hawawezi hata kutia sahihi? Waasisi wakakesha wakijifunza kuandika majina yao, na kwa wateja wasiojua kalamu benki ikatumia picha iliyobandikwa katika daftari la akiba. Na benki hiyo ikafundisha jambo ambalo afisa wa mikopo wa kawaida asingalilitafuta, kwa maana walipochunguza kwa nini baadhi ya wanawake hawakulipa madeni yao, waligundua kwamba baadhi walikuwa wamefariki, na wengi katika hao walifariki katika uzazi. Kwa hiyo chama kikaingia katika afya ya uzazi, kisha katika bima na malezi ya watoto wa wafanyakazi. Wako wanaodhani kwamba mambo haya ni sadaka. Lakini likizo ya uzazi ya karani na msaada wa uzazi wa muuza mboga ni haki moja, tofauti ni kwamba ya kwanza ina mlipaji ajulikanaye na ya pili ilibidi ibuniwe.

Mbele ya hayo njia haikuwa laini. Mwaka 1981 fujo zilizuka Gujarat juu ya nafasi za masomo zilizotengewa watu wa tabaka za chini, na Bibi Bhatt alisema wazi kwamba anawaunga mkono hao wa tabaka za chini, ambao wengi wa wanachama wake walikuwa wao. Chama kikubwa cha viwanda, kilichomlea, kikamfukuza pamoja na wanawake wake wote. Wengi walidhani SEWA itakufa; badala yake ilikua, na alipofariki tarehe 2 Novemba 2022 ilikuwa na wanachama zaidi ya milioni mbili.

Mwaka 1988 tume ya taifa aliyoiongoza ilitoa taarifa iitwayo Shramshakti juu ya hali ya wanawake wanaojiajiri wenyewe na wale wasio na ulinzi wa sheria, na mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba wa 177 juu ya wafanyao kazi majumbani mwao, ambao SEWA ilikuwa miongoni mwa walioushikilia kwa nguvu zote. Inasikitisha kusema kwamba India yenyewe haijauridhia mkataba huo, na mataifa yaliyouridhia ni machache. Lakini sheria ya India ya mwaka 2013 juu ya unyanyasaji wa kijinsia mahali pa kazi, iliyotokana na kisa cha Bibi Bhanwari Devi, mtumishi wa kijijini aliyeshambuliwa Rajasthan mwaka 1992 kwa sababu alizuia ndoa ya mtoto, inataja nyumba ya kuishi kuwa mahali pa kazi, inawataja watumishi wa nyumbani, na inaagiza pawe na kamati ya wilaya ya kuwasikiliza wale ambao mlalamikiwa wao ndiye mwajiri mwenyewe. Bibi Bhatt hakuiandika sheria hiyo; hata hivyo fikra kwamba mahali pa kazi ni popote mwanamke atokapo jasho aliitetea miaka arobaini kabla.

Katika kitabu chake cha mwaka 2006, We Are Poor but So Many, ameyaeleza mengi ya haya kwa lugha nyepesi isiyojikweza, na ninakisifu zaidi pale anaposimulia habari za mwanamke mmoja mmoja kuliko pale anapotoa nadharia. Kitabu cha baadaye, Anubandh, cha mwaka 2015, kinataka mahitaji ya lazima ya mwanadamu yapatikane ndani ya masafa ya maili mia moja. Hapo namheshimu lakini simfuati mpaka mwisho, kwa kuwa mshonaji anayeshona nyumbani kwa ajili ya mshitiri wa ng'ambo anahitaji sheria imfikie mshitiri huyo aliko, nayo haiishii maili mia.

Kwa hiyo naomba, Bibi Mwenyekiti, kabla semina haijaanza kuandika maazimio yake juu ya mishahara na vyeo, kamati ya maazimio ikubali kwanza kuandika fasiri ya mahali pa kazi, na humo itaje kwa majina yao barabara, soko, shamba na chumba cha kulala ambamo cherehani imewekwa kando ya kitanda. Kisha kila azimio litakalofuata lipimwe kama linamfikia mwanamke aliye huko, na lisipomfikia lirudishwe likaandikwe upya.