Tairi Nyembamba au Tairi Pana? Mazungumzo kwa Wanachama Wanaokwenda Kazini kwa Baisikeli

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wanachama jioni, baada ya kutoka kazini. Tunayachapa hapa kwa ajili ya ndugu wa matawi ambao hawakuweza kufika.



Leo hatutasema habari za mishahara wala za mkataba. Hayo yana siku yake. Leo tunataka kusema juu ya kitu kinachobeba mwili wa mfanyakazi kila siku kutoka nyumbani mpaka langoni mwa kiwanda, na kumrudisha. Kitu hicho ni tairi ya baisikeli. Twaona wengine wameanza kucheka. Chekeni, lakini fanyeni hesabu kwanza. Mtu akikaa kilomita 10 kutoka kazini, na akafanya kazi siku 6, basi kila wiki anaendesha kilomita 120. Mvua ikinyesha nauli ya matatu hupanda, lakini baisikeli haipandishi nauli. Tairi ikinunuliwa vibaya, ile pesa aliyoiokoa inarudi kwa fundi wa pancha.

Tena liko jambo la sheria ambalo si wengi wanalijua. Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007 huhesabu safari ya kwenda kazini kuwa sehemu ya kazi ikiwa mwajiri ametoa gari maalum la kuchukua wafanyakazi, na linaendeshwa na yeye au mtu wake. Baisikeli yako mwenyewe haikutajwa hapo. Ukianguka njiani saa 12 asubuhi ukavunjika mkono, kudai fidia ni kazi ngumu sana. Ndiyo maana tunasema habari ya kutoanguka.

Sasa tuingie katika shauri lenyewe. Vijana wengi siku hizi hununua baisikeli za mashindano zilizokwisha tumika Ulaya, zenye tairi nyembamba kama kidole. Ukiwauliza kwa nini, watasema ni nyepesi na zinakimbia. Wazee wao wana Black Mamba zenye tairi za inchi 1½, na vijana huwaambia kwamba tairi zile ni nzito, zinawachosha bure. Sisi twasema vijana wamekosea zaidi ya nusu, na tutaonyesha sababu.

Tangu John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi yake ya upepo huko Belfast katika miaka ya 1880, kazi ya upepo ni moja: kumeza mashimo na mawe ili gurudumu lisirukeruke. Tairi inabeba uzito kwa upepo uliomo ndani yake. Tuseme gurudumu la nyuma limebeba kilo 60, yaani ratili 132. Ukijaza upepo ratili 60 kwa kila inchi mraba, basi tairi italalia ardhi kwa kiasi cha inchi mraba 2 na kidogo. Ukijaza ratili 30, italalia inchi mraba 4 na kidogo. Ni hesabu ya kugawanya tu. Na angalieni jambo hili: ikiwa upepo ni sawasawa, tairi nyembamba na tairi pana hulalia ardhi kwa kiasi karibu kile kile. Kinachobadilika ni umbo. Nyembamba huacha alama ndefu kama jani la muwa. Pana huacha alama fupi na nene, kama yai.

Alama ndefu maana yake mpira unakunjika mbali zaidi kila gurudumu linapozunguka, na kule kukunjika ndiko kunakokula nguvu za miguu yako. Kwa hiyo, kwa upepo ule ule, tairi pana ndiyo inayoteleza vizuri zaidi. Mwenye tairi nyembamba hujiponya kwa kuijaza upepo mwingi mpaka iwe ngumu kama mti. Kwenye lami laini kama meza, hapo anapata faida yake. Lakini ni nani kati yetu aliye na lami kama meza kutoka kitandani mpaka kazini? Penye mikwaruzo na viraka, tairi ngumu haimezi kitu. Hurusha baisikeli juu pamoja na mwenyewe, na nguvu iliyokuwa ya kusonga mbele inapotelea katika kutikisa mifupa. Mtu husikia ule mtetemeko mikononi akadhani ndio mbio.

Hata wenye mashindano wamekwisha liona jambo hili. Kwa miaka mingi walipanda tairi za milimita 21 au 23. Baadaye wakaenda 25, na sasa 28 ni jambo la kawaida kwao, na katika yale mashindano ya Paris–Roubaix, yanayopita juu ya barabara za mawe, wanapanda 30 na kuzidi. Hao ni watu wenye mafundi na mashine za kupimia, wala hawafanyi hivyo kwa ajili ya raha. Ni kweli kwamba mtu akienda kasi sana, tairi pana hushika upepo wa mbele kidogo. Lakini mtu anayekwenda kilomita 15 kwa saa, na chakula chake kwenye keria, jambo hilo lisimnyime usingizi.

Vijana wana haki katika jambo moja. Ziko tairi pana zinazochosha kweli, zile zenye meno makubwa kama ya trekta. Meno hayo ni ya matope. Kwenye lami hujikunja moja moja, hulia vuu vuu njia nzima, na huisha upesi katikati. Kosa ni la meno, si la upana. Mwenye kupita lami muda mwingi achague tairi pana isiyo na meno, au yenye mifereji midogo tu. Wala asiogope kuteleza wakati wa mvua, maana gurudumu la baisikeli ni jembamba na mwendo wake ni mdogo. Halielei juu ya maji kama gari.

Basi sasa tufikirie njia yenyewe. Unatoka nyumbani kwa njia ya murram, unaingia lami, na ukingo wa lami umekatika kama ngazi. Nyuma yako matatu inapiga honi, na dereva hana nia ya kungoja. Unashuka ukingoni. Hapo chini kuna mchanga na kokoto. Tairi ya milimita 25 huzama katika mchanga ule na usukani hukataa kugeuka. Ukijaribu kurudi juu, ubavu wa tairi hukwaruza ule ukingo na kukutupa, pengine mbele ya gari linalofuata. Tairi ya milimita 40 huelea juu ya mchanga na kukupa nafasi ya kusimama. Njia za baisikeli kama zile zilizojengwa kando ya barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, si nyingi. Wengi wetu njia yetu ni ule ukingo. Kadhalika liko jambo la reli zinazokatiza barabara za viwandani. Ufa wa kando ya reli unaweza kumeza tairi karibu zote, hata pana, na hapo hakuna dawa ila kukata reli moja kwa moja kama msalaba, bila kupinda. Lakini vyuma vya mifereji ya maji ni jambo jingine, maana ufa wake mara nyingi humeza nyembamba na kuiacha pana ipite.

Sasa tuseme habari za namba, kwa sababu hapa ndipo mfanyakazi anapopotezewa pesa. Mtu huenda dukani akasema, nipe tairi ya 28. Anapewa, anafika nyumbani, haiingii. Sababu ni kwamba kuna 28 zaidi ya moja. Tairi ya Black Mamba ni 28 x 1½, na ubavuni pake, ukisugua vumbi, utaona pengine imeandikwa 40-635. Iko nyingine iitwayo 28 x 1⅝, nayo ni 622, sawa na zile za mashindano zinazoandikwa 700C. Mamba haipokei hiyo hata kwa nyundo. Kadhalika 26 x 1⅜ ni 590, na 26 x 1.95, ile ya baisikeli za milimani, ni 559. Zote mbili zinaitwa 26, lakini haziwezi kubadilishana. Kwa hiyo soma ile namba yenye kistari katikati. Ya mbele ni upana kwa milimita, na ya nyuma ni kipimo cha pale tairi inapokaa juu ya rimu. Ya nyuma lazima ilingane kabisa na ya tairi yako ya zamani. Ya mbele ndiyo unayoweza kuichagua.

Nayo huchaguliwa kwa mipaka. Geuza baisikeli, tazama kwenye foku, kwenye madigadi na nyuma karibu na mnyororo. Tairi mpya ikikaa, ibaki nafasi ya kupitisha kalamu ya risasi pande zote, maana matope yetu mekundu hujaza nafasi ndogo na gurudumu husimama ghafula. Baisikeli nyingi za mashindano za zamani hazipokei zaidi ya 28 chini ya breki zake, na fundi hawezi kubadili hilo. Tazama rimu pia. Tairi iwe na upana wa mara moja na nusu mpaka mara mbili na nusu ya upana wa ndani wa rimu. Ukipita hapo, tairi pana juu ya rimu nyembamba hulegalega katika kona kama mlevi. Mpira wa ndani nao ulingane na tairi. Tyubu nyembamba ikivutwa ndani ya tairi pana huwa laini kama puto na kutoboka kwa mwiba mdogo, na tyubu pana ndani ya tairi nyembamba hujikunja na kujitafuna.

Mkitaka tuseme wazi ipi tungenunua, basi ni hivi. Anayekaa mjini, njia yake yote ni lami nzuri, na hana mzigo, 28 mpaka 35 inamtosha. Anayechanganya lami na murram, nao ndio wengi wetu hapa, 37 mpaka 42. Hapo mzee mwenye Mamba na 40 yake hakukosea hata kidogo. Anayebeba mitungi minne ya maji, au maziwa, au abiria kwenye keria kama wenzetu wa boda boda za baisikeli wa Busia na Kisumu, atafute 47 mpaka 54 ikiwa baisikeli inaipokea. Ikiwa pesa ni ya tairi moja tu, ile pana iende nyuma, kwenye mzigo. Lakini ya mbele isiwe nyembamba mno. Gurudumu la nyuma likiteleza unaweza kujishika, la mbele likiteleza uko chini kabla hujasema lolote.

Upana hauna maana bila upepo wake. Mtu wa kilo 70 hivi asiye na mzigo, kwa kukadiria, anahitaji ratili 75 katika tairi ya 28, ratili 50 katika ya 40, na 35 mpaka 40 katika ya 50. Akiwa na mzigo aongeze nyuma, lakini asipite kipimo kilichoandikwa ubavuni. Tunalisema hili kwa nguvu kwa sababu tumeona watu wakifinya tairi pana kwa kidole na kutaka iwe ngumu kama ile nyembamba. Kadiri tairi inavyokuwa pana, ndivyo upepo ule ule unavyovuta nyuzi zake kwa nguvu zaidi. Tairi ya 50 ikijazwa kama ya 25, itapasuka au itang'oka kwenye rimu. Pampu ya petroli-stesheni ni hatari hapo. Hujaza kwa kupepesa jicho. Na upepo ukiwa mdogo mno, ukigonga shimo rimu itaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili pamoja, kama meno ya nyoka. Ukiona matundu mawili sambamba, usitafute mwiba. Tafuta pampu.

Mwisho ni habari ya waajiri. Iko kampuni moja, jina lake hatulitaji, ambapo magari ya mabwana yana kivuli cha mabati na baisikeli za wafanyakazi zinafungwa kwenye ua wa waya, juani kutwa. Jua hukausha mpira na kuupasua ubavuni, na tairi pana au nyembamba yote hufa kabla ya siku zake. Kamati imeamua kupeleka maombi matatu katika mazungumzo yajayo na waajiri: kivuli cha baisikeli, pampu ya kusimama yenye geji karibu na lango, na kufukiwa kwa mashimo ya hatua mia za mwisho kabla ya lango, ambayo ni ardhi ya kampuni wenyewe na si ya serikali. Gharama yake ni ndogo. Tunataka majina ya wanaokuja kwa baisikeli katika kila tawi ili tuonyeshe idadi, kwa hiyo makatibu wa matawi wayaandike wiki hii.

Sasa tutoke nje. Pampu ya chama iko mlangoni, ina geji inayosoma ratili. Kila mtu asugue ubavu wa tairi yake asome namba, kisha aje tumpimie. Tuanze na wale wa zamu ya usiku, maana kengele yao inalia saa 1.