Asidi za Utumboni na Kinga ya Kuku

Sehemu kubwa ya kinga ya kuku dhidi ya bakteria hutengenezwa tumboni, katika vifuko viwili virefu vilivyozibwa upande mmoja, pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Humo, nyuzinyuzi ambazo kuku mwenyewe hawezi kuzimeng'enya huchachushwa na bakteria wema. Uchachushaji huo hutoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, na tatu kati yake ndizo zenye uzito: asetiki, propioniki na butiriki. Asetiki ndiyo nyingi kuliko zote. Butiriki ni kidogo, lakini ndiyo inayozigusa seli za kinga kwa nguvu zaidi.

Matangazo ya Wiki ya Dunia ya Uelewa kuhusu Usugu wa Vimelea dhidi ya Dawa, inayoadhimishwa kila mwaka kuanzia tarehe 18 hadi 24 Novemba, huja na wito wa kupunguza antibiotiki mabandani. Wito huo ni wa haki. Wasiwasi uliopo ni kwamba mfugaji anaambiwa aache dawa bila kuambiwa kuku wake atakingwa na nini. Kesho yake anarudi dukani, na dukani dawa inauzwa bila kipimo.

Kifaranga wa siku moja karibu hana zile asidi za utumboni kabisa. Huongezeka kadiri bakteria wanavyojenga makazi yao, hadi kufikia wiki ya pili hivi. Kifaranga anayelelewa na mama huwapata bakteria hao mapema, kwa kudonoa ardhi na kinyesi cha mama. Wa mashine ya kutotoleshea hana mama wa kumfuata. Anatoka kwenye trei, anaingia kwenye boksi, anafika bandani na utumbo mtupu, na bakteria wa Salmonella akitangulia kuingia hakuti wa kumzuia. Mwaka 1973, Nurmi na Rantala wa Finland walionyesha katika jarida la Nature kwamba vifaranga waliopewa yaliyomo utumboni mwa kuku wakubwa walimhimili Salmonella vizuri zaidi kuliko wenzao. Jambo hili lina zaidi ya miaka 50. Bado dawa ya kwanza ambayo vifaranga wengi hunyweshwa siku ya kuwasili ni antibiotiki, na hunyweshwa bila kipimo.

Salmonella haingii mwilini kwa bahati. Ana kifaa kama sindano kinachochoma ukuta wa utumbo na kupenyeza protini zake ndani ya seli, mpaka seli yenyewe inamkumbatia na kumwingiza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliweka Salmonella Enteritidis katika asidi mbalimbali kabla ya kumkutanisha na seli za utumbo wa kuku, na mwaka 2003 wakaripoti kuwa propioniki na butiriki hupunguza uwezo wake wa kupenya. Asetiki ilifanya kinyume, ikauongeza. Miaka mitatu baadaye ilithibitika kuwa butiriki huzima jeni zinazounda ile sindano. Kwa hiyo neno "asidi" lililoandikwa kwenye chupa halimtoshi mfugaji. Ni asidi gani, na inafika wapi?

Bakteria akishavuka ukuta hukutana na makrofeji, seli kubwa ya kinga ambayo kazi yake ni kumeza vimelea na kuviua. Hapa ndipo ugonjwa unapoamuliwa. Makrofeji humzingira Salmonella kwa utando, humfungia kwenye kijishimo ndani yake na kumwagia sumu. Salmonella aliyejiandaa hafi. Hukigeuza kijishimo hicho kuwa nyumba, huzaliana humo, na seli iliyokusudiwa kumuua inambeba hadi kwenye ini na bandama. Enteritidis huweza kufika kwenye ovari na kuingia ndani ya yai kabla ganda halijaumbwa. Salmonella wa aina ya Gallinarum huleta taifodi ya kuku: upanga unapauka, kinyesi kinakuwa cha manjano na kijani, na kuku akipasuliwa ini hukutwa limevimba, lenye rangi ya shaba.

Ndani ya makrofeji, butiriki hufanya kazi kwenye kiini chenyewe. Nyuzi za DNA zimeviringishwa kwenye protini ziitwazo histoni, na zikikazwa sana jeni hazisomeki. Butiriki huvizuia vimeng'enya vinavyosaidia kukaza. Nyuzi hulegea, na jeni za peptidi za kinga huanza kusomwa kwa wingi. Kuku ana defensini za aina ya beta 14 na kathelisidini 4, na nyingi kati ya hizo huua bakteria kwa kuuharibu utando wao. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, Marekani, walichapisha matokeo kuwa monositi za kuku, seli ambazo hukomaa kuwa makrofeji, zilizopewa butiriki ziliua Salmonella Enteritidis vizuri zaidi, ingawa uwezo wao wa kumeza haukubadilika sana. Kuku waliolishwa chakula chenye asilimia 0.1 ya butiriki walikutwa na bakteria pungufu karibu mara 10 katika vile vifuko viwili. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa asidi zote tatu zikitumika pamoja zinasaidiana.

Kuna upande wa pili, nao unastahili kuelezwa kwa uangalifu. Butiriki pia hutuliza makrofeji. Seli zilizochokozwa kwa sumu ya bakteria, zikipewa butiriki, hutoa naitriki oksaidi kidogo na hupunguza kemikali zinazoamsha homa na uvimbe. Naitriki oksaidi nayo ni silaha, hivyo silaha moja inashushwa wakati nyingine inapandishwa. Kwa kuku wa nyama hilo lina faida yake, kwa sababu homa hula chakula ambacho kingekuwa nyama. Lakini matokeo hutegemea kiasi, wakati na aina ya bakteria, na seli katika sahani ya maabara si kuku katika banda lenye joto na vumbi. Anayeuza butiriki kama mbadala kamili wa chanjo na usafi anamdanganya mfugaji.

Tena butiriki tupu, yenye harufu ya siagi iliyooza, hufyonzwa mapema mno, sehemu kubwa ikiishia njiani kabla ya kufika kwenye vifuko. Ndiyo maana viwandani hufunikwa kwa mafuta au huunganishwa na gliseroli. Bidhaa hizo si rahisi. Njia nyingine ni kuwalisha bakteria wanaoitengeneza. Mwaka 2017 watafiti wa Ghent waliripoti kuwa pumba za ngano zilizosagwa laini sana huongeza butiriki na kupunguza Salmonella utumboni mwa kuku wa nyama.

Sasa bakteria hao hao ndio wanaouawa na antibiotiki inayotolewa bila kipimo. Oksitetrasaiklini ikiwekwa kwenye maji ya kuku haichagui. Humpiga mbaya na humpiga mwema. Kuku wakianza kuzubaa, mfugaji huenda dukani, muuzaji anauliza maswali mawili, mfuko unafunguliwa. Huenda ni kideri, ambacho ni virusi. Huenda ni gumboro, virusi pia. Antibiotiki haiui virusi. Kuku wanakufa, fedha imekwenda, na waliobaki wana utumbo mtupu kama vifaranga wa siku ya kwanza. Bila kipimo. Sweden ilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya wote ukafuata tarehe 1 Januari 2006. Wafugaji wa huko walihitaji kitu cha kushika mkononi, na utafiti wa asidi hizi ulipata msukumo mkubwa kutokana na hitaji hilo.

Mfugaji wa Afrika Mashariki naye apewe cha kushika. Wizara za mifugo zisitoe katazo peke yake, zitoe na maelekezo ya chakula. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una vituo vya kanda. Vitangazwe, vifikike, gharama zake zijulikane hadi kijijini. Mwenye duka akatae kuuza antibiotiki bila cheti cha daktari wa mifugo. Mfugaji achague kuku mmoja aliyekufa asubuhi hiyo, amfunge vizuri, amweke kwenye barafu na kumpeleka maabara siku hiyo hiyo, kabla ya kununua mfuko wowote. Chanjo ya kideri itolewe kwa ratiba, maji yabadilishwe kila siku, vyombo vioshwe. Vyuo vya kilimo vipime pumba za ngano za viwanda vya hapa, laini kwa kiasi gani na kilo ngapi kwa mfuko wa chakula, kwa sababu nyuzinyuzi zikizidi kuku wa nyama hudumaa. Vipimo hivyo vifanyike katika mabanda ya wafugaji wenyewe, na majibu yasomwe redioni kwa Kiswahili.