MWALIMU WA BARAZANI

 Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tunajiusia sisi wenyewe, kisha nanyi, kumcha Mwenyezi Mungu.

Wiki iliyopita tulimzika mzee wetu mmoja, mwalimu wa shule aliyestaafu. Jina lake hatulitaji, kwani mwenyewe hakupenda kutajwa. Jeneza lake lilijaza njia. Tulimsifu, tukamwombea, tukarudi majumbani. Jumatatu, baada ya sala ya Alasiri, akina mama saba walikuja na madaftari yao wakaketi barazani kwa msikiti kama ilivyo ada yao, na hapakuwa na wa kuwasomesha.

Kazi ile marehemu aliianza ujanani. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na walimu wa Tanzania Bara wakawa wanasomesha watoto asubuhi, jioni wakiwasomesha wazazi wao kwa vitabu vya kilimo cha pamba, cha ndizi, na vya uvuvi. Wasiojua kusoma, ambao mwaka 1967 walizidi 60 katika kila watu wazima 100, walishuka hadi 9.6 kwa mia mwaka 1986. Wengi tukadhani shughuli imekwisha. Sensa ya mwaka 2012 ikakuta takriban mtu mzima mmoja katika kila watano hajui kusoma. Marehemu hakuingoja sensa. Alikwisha kuyajua hayo kwa barua alizokuwa akiombwa kuwasomea watu.

Basi alipostaafu akatundika ubao barazani. Chaki aliinunua kwa pensheni yake. Mama mmoja alitueleza kwamba siku ya kwanza aliposoma mwenyewe maandishi ya chupa ya dawa ya mwanawe, alikaa akalia.

Na sisi, tuliosoma vyuoni, tulifanya nini? Tulinung'unikia vumbi la chaki.

Ndugu zetu, baada ya vita vya Badri, Mtume (S.A.W.) aliwakubalia mateka wasiokuwa na mali wajikomboe kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Walikuwa washirikina, na elimu yao ya herufi ilipokewa. Vipi basi tuidharau chaki ya Mwislamu aliyeswali nasi safu ya mbele?

Tena alikuwapo Madina mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti. Alipofariki, Masahaba walimzika usiku wasimwarifu Mtume, kana kwamba jambo lake waliliona dogo. Mtume (S.A.W.) alipomkosa aliuliza, akawalaumu, akataka aonyeshwe kaburi, akamswalia pale pale. Sisi mwalimu wetu hatukumzika kwa siri, la. Kazi yake ndiyo tuliyoiona ndogo, naye yu hai, akitusalimu kila siku.

Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe, na atusamehe sisi tuliochelewa.

Ubao ungali barazani. Ufunguo wa sanduku la vitabu uko kwa mwadhini, na miongoni mwenu wapo walimu waliostaafu na vijana waliomaliza shule. Akina mama wamesema watarudi Jumatatu, baada ya Alasiri.