Ofisi Tupu za Kisiwani: Je, Zigeuzwe Nyumba Zetu?

(Maneno yaliyosemwa na halmashauri ya chama mbele ya wanachama wa matawi ya Changamwe, Likoni na Kisauni)



Tumewaita leo kwa ajili ya swali moja. Limetufikia kutoka matawi yote matatu ya bara, na kila tawi limeliuliza kwa maneno karibu yale yale. Wenzetu wanasema hivi: kule kisiwani, Moi Avenue na Nkrumah Road na njia za kandokando, mna majengo marefu ya ofisi ambayo ghorofa zake nyingine zimefungwa tangu siku nyingi, na kibao cha kupangisha kimechujuka kwa jua. Sisi tunakaa ng'ambo, tunaamka saa kumi ya usiku kuwahi feri au matatu, ili twende kufanya kazi chini ya madirisha hayo hayo. Kwa nini ofisi hizo zisigeuzwe nyumba, zikauzwa moja moja, na chama chetu cha akiba na mikopo kikatununulia?

Swali hili si la kuchekwa. Wazee waliopo hapa wanakumbuka tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipozama Mtongwe asubuhi na watu 272 wakafa, wengi wao wakiwa safarini kwenda kazini. Kukaa karibu na kazi si anasa.

Kwanza tuseme kwa nini ofisi hizo zimekuwa tupu, maana jambo hili linatuhusu sisi wenyewe. Mjini Mombasa ofisi nyingi zilikula kutokana na bandari: mawakala wa forodha, makampuni ya meli, ya bima, ya malori. Reli mpya ilipoanza kubeba mizigo mwaka 2018, Serikali ilitaka makontena yapande gari moshi mpaka Nairobi, na baadaye Naivasha, na ushuru ukamalizwe huko. Mawakala wengine walifunga milango, wengine wakamfuata mzigo Embakasi. Watu wa Mombasa waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu mwaka 2019, na baadhi yenu mlikuwamo. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais Ruto alitangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Lakini ofisi iliyohama si kuku, hairudi kwa kumwagiwa mtama. Tena karatasi zilizokuwa zikiandikwa na makarani kumi siku hizi zinapita katika kompyuta moja, na wakala aliyepanga ghorofa nzima sasa anatosheka na chumba kimoja.

Sasa, je, ofisi yaweza kuwa nyumba? Yaweza. Huko New York jengo la benki lililojengwa mwaka 1931 pale Wall Street namba 1 limegeuzwa nyumba 566 za kuuzwa. Jengo jingine la jirani, katika Water Street, limegeuzwa nyumba zaidi ya 1,300 za kupanga, na mafundi walilazimika kutoboa mashimo mawili makubwa katikati ya jengo, kutoka juu kushuka chini, ili mwanga na hewa viingie. Ndugu zetu, lishikeni hilo la mashimo. Ofisi hujengwa pana, makarani hukaa katikati chini ya taa za umeme, na vyoo viko mahali pamoja karibu na lifti. Nyumba ya watu haiwezi kuwa hivyo. Chumba cha kulala kinataka dirisha. Kila nyumba inataka choo chake, jiko lake, mfereji wake na bomba lake la maji machafu, maana yake ni kutoboa sakafu za zege kila ghorofa. Kazi hiyo si ya kupaka rangi na kugawa kwa mbao.

Na maji je? Mombasa tangu zamani inakunywa maji ya mbali, ya Mzima, ya Marere, ya Baricho na ya Tiwi, na hayatoshi. Huku Changamwe na Kisauni maji yakikatika tunamwita mwenye mkokoteni, akaleta mitungi mpaka mlangoni. Mkokoteni haupandi ghorofa ya tisa. Huko juu maji yanapanda kwa pampu, pampu inakula umeme, na umeme unalipwa na wenye nyumba wote pamoja. Vivyo hivyo lifti. Mama mmoja wa tawi la Likoni alituuliza jambo ambalo mafundi hawakulitaja: atawasha wapi jiko la makaa? Mwingine akauliza matanga yatakaa wapi, na maiti atashushwaje kama lifti ni ndogo. Wako waliocheka, lakini sisi tuliyaandika maswali hayo katika daftari, maana nyumba ni pamoja na harusi na msiba, na jengo la ofisi halina uwanja.

Twende kwenye jambo kubwa zaidi, nalo ni hati. Hapa tunaomba msikilize sana.

Sisi watu wa bara ya Mombasa tunaijua vizuri nyumba bila ardhi. Mtu wa Kisauni, wa Likoni, wa Chaani, amejenga nyumba ya Kiswahili kwa mikono yake, akaezeka, akapangisha vyumba. Nyumba ni yake, lakini ardhi iliyo chini ni ya mwingine, naye analipa kodi ya kiwanja. Siku mwenye ardhi akiuza, mwenye nyumba anabaki na mabati yake mkononi. Tena benki haimkopeshi kwa nyumba ile, kwa sababu hana hati ya kuweka rehani. Watu wa shamba la Waitiki pale Likoni walikaa miaka mingi katika wasiwasi wa ardhi mpaka hati zilipotolewa mwaka 2016.

Sasa mtu akinunua nyumba ghorofa ya saba, yeye yuko angani kabisa. Chini yake wako watu sita waliopangana kama sahani. Ardhi ni ya nani? Kama jibu si wazi, basi amenunua nyumba bila ardhi, ile ile ya Kisauni, ila ya bei kubwa na yenye lifti.

Kuna sheria inayojibu swali hili, nayo ni Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo na kuifuta ile ya 1987. Kwa sheria hiyo jengo hupimwa, ikachorwa ramani ya sehemu zake, ramani ikaandikishwa katika ofisi ya ardhi, na kila sehemu ikapata hati yake yenyewe. Hati hiyo mtu anaweza kuiuza, kuirithisha au kuiweka rehani. Ngazi, lifti, paa, matangi na ardhi yenyewe huwa mali ya wote, kila mmoja kwa fungu lake. Na wenye sehemu wote, kwa kuandikishwa tu ramani ile, huwa shirika moja linalosimamia mali hiyo na kuchangisha fedha za kuitunza. Ikiwa ardhi ni ya mkataba wa miaka, sharti iwe imebaki miaka isiyopungua 21. Zaidi ya hayo, jengo la ofisi haligeuki nyumba kwa maneno ya mwenyewe. Sharti apate ruhusa ya Kaunti ya kubadili matumizi.

Tunaona hapa ndipo tofauti ilipo. Nyumba yenye hati ya sehemu inampa mfanya kazi kitu ambacho nyumba bila ardhi haijampa baba yake wala babu yake. Lakini barua ya ahadi, yenye muhuri mzuri na picha ya jengo likiwa na miti mbele, haimpi kitu. Wauzaji wengi hutaka pesa kabla ya ramani kuandikishwa, wanasema ndizo za kujengea. Hizo ni pesa za kumkopesha tajiri bila riba.

Na bei? Wapigaji mbiu hawapendi kulitaja hili. Mwaka 2021 nyumba za zamani za Buxton, 520 hivi, za Serikali ya mji zilizokuwa zikipangishwa kwa kodi ndogo, zilivunjwa ili pajengwe nyumba mpya 1,860 hivi. Wapangaji walihamishwa, na zilizojengwa mahali pale ni za kuuzwa. Mitaa ya zamani ya Changamwe na Likoni imo katika mpango wa Kaunti wa kujengwa upya, kwa hiyo la Buxton si habari ya kisiwani tu. Mpangaji aliyekuwa na haki ya kukaa amegeuzwa mnunuzi, na mnunuzi asiye na fedha ni mpita njia. Hatusemi majengo mapya ni mabaya. Tunasema tuhesabu.

Haya, tuhesabu. Tangu Sheria ya Nyumba Nafuu ya 2024, kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5, na tajiri anaongeza nyingine kama hiyo. Mwenye Sh30,000 anatoa Sh450, tajiri Sh450, jumla Sh900 kila mwezi. Makato hayo yanakwenda ukinunua nyumba au usinunue. Na posho ya nyumba, kwa amri za mishahara, ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye Sh20,000 anapata Sh3,000, na kila mmoja wenu anajua Sh3,000 inampatia chumba gani Chaani au Mtongwe. Posho hiyo nayo haikuanguka kutoka mbinguni. Dai la nyumba ndilo lililowasha mgomo wa Mombasa wa Julai 1939, na nyumba na mshahara vilikuwamo tena katika mgomo mkuu wa Januari 1947, siku 12, watu 15,000 hivi, ulioleta African Workers Federation. Hata leo Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka tajiri atoe nyumba ya kufaa au posho ya kutosha kupata nyumba hiyo. Kutosha, ndugu zetu. Neno limo katika sheria.

Basi halmashauri imekata shauri hivi. Chama cha akiba kisitoe hata senti moja kwa mwenye jengo lolote la ofisi mpaka tuone ruhusa ya Kaunti, tuone hati ya ardhi na miaka iliyobaki, na ramani ya sehemu iwe imeandikishwa, si inayosemekana iko njiani. Fundi wa zege akague jengo kwa niaba yetu, si kwa niaba ya muuzaji. Na tuonyeshwe kwa maandishi ada ya kila mwezi ya maji, pampu, lifti na askari, kwa sababu mtu anaweza kumaliza deni la nyumba na ada ikamshinda.

Lakini tunataka kusema zaidi ya hapo, na wengine wenu hamtapenda. Wengi wetu ni vibarua, au watu wa mkataba wa miezi mitatu mitatu katika maghala ya makontena ya Miritini na Changamwe. Kibarua hawezi kuahidi malipo ya miaka ishirini, na benki haimsikilizi. Nyumba za kuuzwa zitamwacha nje hata zikijaa mji mzima, ingawa mshahara wake ukipita kwenye karatasi anakatwa asilimia 1.5 kama wengine. Kwa hiyo ombi letu kwa Kaunti na kwa Serikali ni kwamba, kama fedha za makato zitatumika kugeuza ofisi, sehemu ya nyumba hizo ziwe za kupanga, kwa kodi inayolingana na posho, na mpangaji asifukuzwe kwa sababu amepata mnunuzi. Wanaoweza kununua wanunue, hatuwazuii. Wasiifanye sauti yao kuwa sauti ya chama chote.

Barua hiyo tunaiandika wiki hii. Makatibu wa matawi watakusanya sahihi Changamwe, Likoni na Kisauni mpaka Jumapili ijayo. Aliyekwisha kutoa malipo ya kwanza kwa jengo lolote alete nakala ya risiti na karatasi aliyopewa kwa katibu wa tawi lake, ili wakili wa chama azisome. Alete nakala tu, karatasi zenyewe azifungie nyumbani.