Tope la Bandarini Linapotibuliwa

Zebaki, risasi, shaba na kadimiamu zinazoingia bandarini kutoka viwandani na kwenye rangi za meli hazielei majini kwa muda mrefu; hunasa kwenye chembe za tope na kuzama. Huko chini, pasipo oksijeni, salfaidi huzishika nyingi zisiyeyuke. Tope hilo likichimbwa ili kuongeza kina, au likivurugwa na nanga na rafadha, oksijeni huivunja salfaidi na sehemu ya metali hurudi majini. Chaza na kome, wanaokula kwa kuchuja maji, huzikusanya mwilini. Ndiyo maana tope chafu lililotulia mara nyingine lina nafuu kuliko linalosafishwa kwa pupa.

Katika Ghuba ya Minamata, Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki hadi mwaka 1968. Usafishaji ulianza 1977 na kumalizika 1990. Tope lenye zebaki zaidi ya sehemu 25 kwa milioni lilifyonzwa taratibu kwa mabomba lisitibuke, likafukiwa chini ya ardhi mpya ya hekta 58. Wavu uliowazuia samaki wasitoke ghubani haukuondolewa hadi 1997.