Fedha Inayosubiriwa Ipande



Wanafunzi wengi huniuliza kama wanunue Bitcoin. Leo nataka kulijibu swali lililo nyuma ya hilo: je, sarafu za kidijitali zinaweza kushika nafasi ya shilingi? Jibu langu ni hapana, na sababu yake ndiyo hiyo hiyo inayowavutia wawekezaji.

Mwaka 2008, mabenki makubwa ya Marekani na Ulaya yakiwa yanayumba, mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto walitangaza mpango wa Bitcoin, fedha isiyohitaji benki wala serikali. Daftari la malipo lingetunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, na sarafu zote zisingezidi milioni 21. Ni kazi ya akili kubwa, na ninaiheshimu. Mzimbabwe aliyeona akiba yake ikiteketea kwa mfumuko wa bei mwaka huo huo hahitaji kuelezwa uzuri wa fedha isiyochapishwa ovyo.

Lakini kitu kisichoongezeka, wengi wakikitaka, bei yake huruka, wakikiogopa, huporomoka. Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu 16,000. Anayeamini itapanda huificha, na anayehofu itashuka haipokei. Mama lishe anayenunua mchele leo kwa mauzo ya jana anataka thamani iliyotulia, ilhali mwekezaji anaomba isitulie. Sarafu moja haiwezi kuwaridhisha wote wawili.

El Salvador ilijaribu. Nchi hiyo, ambayo imetumia dola ya Marekani tangu 2001, Septemba 2021 ilikuwa ya kwanza duniani kuifanya Bitcoin fedha halali. Serikali ya Rais Nayib Bukele ikatoa pochi ya simu iitwayo Chivo, kila anayejiunga akipewa Bitcoin ya dola 30, na wafanyabiashara wakatakiwa kisheria kupokea Bitcoin. Hoja nzito ilikuwa fedha zinazotumwa na Wasalvador walioko Marekani, zinazofikia takriban moja ya tano ya pato la taifa: makato yangepungua. Hoja hiyo siibezi, kwa kuwa hata ndugu zetu walioko ng'ambo hukatwa sana wanapotuma nyumbani. Hata hivyo, wengi walizitumia zile dola 30 wakaiacha pochi, na fedha za ng'ambo zikaendelea kupita njia za zamani. Januari 2025, kufuatia makubaliano ya mkopo wa dola bilioni 1.4 na Shirika la Fedha la Kimataifa, bunge likaondoa ulazima wa kupokea Bitcoin. Jamhuri ya Afrika ya Kati iliiga mwaka 2022 na kuifuta hatua yake mwaka uliofuata.

Linganisheni na M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007. Haikuleta fedha mpya. Shilingi ile ile ilipata njia nyepesi ya kusafiri, na watu wakaipokea bila kulazimishwa na sheria yoyote.

Basi sarafu za kidijitali ni mali ya kubahatisha bei, na mali ya namna hiyo inahitaji sheria. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba haziruhusiwi nchini. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kijana anayekatwa kodi hiyo akidhulumiwa na wakala, atashtaki wapi? Soko la sarafu za kidijitali la FTX lilipoanguka Novemba 2022, ilibainika kwamba amana za wateja zilikuwa zimepelekwa kwenye kampuni dada ili zitumike kubahatisha. Mwanzilishi wake alihukumiwa Marekani kifungo cha miaka 25, kwa kuwa huko ilikuwapo mahakama ya kumshika. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2025, ya kuwapa leseni na kuwasimamia watoa huduma za mali za kidijitali. Naiomba Benki Kuu yetu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana waanze na sharti moja: mali ya mteja itengwe na ya kampuni, na ikaguliwe kila mwaka kabla leseni haijahuishwa.